Mgonjwa Haulizwi Uji? Somo la Kuuguza kutoka Filamu ya Intouchables

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo, nilisimama kando ya kitanda cha kijana aliyevunjika shingo kwa kuanguka kutoka juu ya mwembe. Mabega yake yalisogea, viwiko vilikunjika kidogo, lakini vidole na miguu havikumtii tena. Faili lake lilieleza kwamba kwa wiki mbili hamu ya chakula ilikuwa imepungua na uzito unashuka. Nikamgeukia mdogo wake wa kike, ambaye ndiye aliyekuwa akimuuguza, nikamwuliza, "Anakula?" Binti akajibu, "Hali, daktari. Hata uji anaukataa." Nikaagiza vipimo vya damu, na nilikwisha kupiga hatua kuelekea kitanda cha pili sauti iliponifuata kutoka nyuma: "Daktari, kilichovunjika ni shingo. Ulimi ninao. Niulize mimi."

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Walikusudia wema: usimngoje mgonjwa aombe, mpikie, umpelekee. Lakini wodini methali hiyo tumeigeuza. Tumeifanya kuwa ruhusa ya kutomwuliza mgonjwa lolote: si uji, si saa ya kuoga, si nani amwoshe, si anataka nini na uhai uliobaki. Tunamwuliza anayesukuma kiti.

Nimelikumbuka tukio hilo kila mara nilipoitazama filamu ya Kifaransa iitwayo Intouchables, yaani "Wasioguswa". Si filamu ya kufundishia uuguzi, na nitaonyesha hapa chini mahali inapoweza kumpotosha mtazamaji. Hata hivyo, juu ya swali hilo la nani aulizwe, imesema jambo ambalo vitabu vyetu vya tiba hulisema kwa unyonge.

Filamu na watu wake

Filamu hii ilitolewa nchini Ufaransa mwezi Novemba 2011. Waongozaji wake ni Olivier Nakache na Éric Toledano. Nchini humo pekee ziliuzwa tiketi zaidi ya milioni 19, na baadaye Wamarekani waliitengeneza upya kwa jina la The Upside, wakiigiza Bryan Cranston na Kevin Hart.

Mhusika wa kwanza ni Philippe, tajiri wa Paris, anayeigizwa na François Cluzet. Ameanguka akiruka angani kwa mwavuli, akavunjika pingili ya tatu na ya nne za shingo. Kuanzia shingoni kushuka hasogei wala hahisi. Mhusika wa pili ni Driss, kijana mwenye asili ya Senegali kutoka viunga maskini vya jiji hilohilo, aliyetoka gerezani si muda mrefu. Anaigizwa na Omar Sy, ambaye kwa kazi hiyo alitunukiwa tuzo ya César ya mwigizaji bora wa kiume mwaka 2012, akiwa mwigizaji Mweusi wa kwanza kuipata.

Driss hakuja kutafuta kazi. Amekuja kwenye usaili ili asainiwe karatasi ya kuonyesha kwamba amekataliwa, apate kuendelea kulipwa posho ya wasio na ajira. Waombaji wengine waliomtangulia wana vyeti, na wanaeleza kwa sauti laini jinsi wanavyowapenda watu wenye ulemavu. Philippe anawaacha wote, anamchagua yule asiyejipendekeza, na kumpa mwezi mmoja wa majaribio.

Kisa hiki kina mizizi katika maisha ya kweli. Philippe Pozzo di Borgo, mtu wa ukoo wa kikabaila aliyekuwa kiongozi katika kampuni ya mvinyo ya Pommery, aliumia mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 42. Miaka mitatu baadaye mkewe, Béatrice, alifariki kwa saratani. Mtu aliyemhudumia kwa takribani miaka kumi ni Abdel Sellou, mzaliwa wa Algeria, ambaye waongozaji walimgeuza kuwa Msenegali. Pozzo di Borgo aliandika kumbukumbu zake katika kitabu Le Second Souffle kilichotoka mwaka 2001. Alifariki mwaka 2023. Naomba mhudumu wa afya aisome tena tarehe hiyo. Mtu aliyepooza mikono na miguu aliishi takribani miaka 30 baada ya ajali. Kuvunjika shingo si hukumu ya kifo. Kinachoamua ni yanayofuata.

Simu mbele ya mikono isiyoshika

Mmoja wa watu wa karibu wa Philippe anakuja kumwonya. Amechunguza habari za Driss na kugundua kwamba alifungwa kwa wizi. Watu wa namna hiyo, anamwambia, hawana huruma, na mtu aliye katika hali yako hapaswi kumweka mtu kama huyo ndani ya nyumba. Philippe anajibu kwamba hicho ndicho anachokitaka hasa: mtu asiyemwonea huruma. Anaeleza kwamba mara kwa mara simu inapolia Driss humpa aishike, kwa sababu amesahau kwamba mwajiri wake hana mikono ya kuipokelea.

Nimewaonyesha wanafunzi wangu sehemu hii, na wengi hucheka. Mzaha huo una maana nzito. Anayesahau ulemavu wa mtu kwa dakika moja amekwisha kumwona kama mtu mzima mwenye simu zake, hasira zake, deni lake na mzaha wake. Sisi tunaokumbuka ulemavu kila dakika humwona mgonjwa wetu kama mtoto mchanga mwenye ndevu. Tunapunguza sauti. Tunamwita "mgonjwa wetu" naye anatusikia. Tunajadili kidonda cha makalio yake mbele ya kundi la wanafunzi pasipo kumwomba radhi, kisha tunampapasa bega kwa upole tukidhani tumemtendea wema.

Huruma yenyewe si dhambi, na katika mila zetu ni sehemu ya utu. Lakini huruma humwangalia mtu kutoka juu, na aliyelala chali tangu asubuhi hadi jioni amekwisha kuangaliwa kutoka juu vya kutosha. Heshima huvuta kiti, hukaa, macho yakalingana na macho, kisha huuliza.

Mwili unaodai kazi kila siku

Filamu haifichi kazi iliyopo. Driss anafundishwa kumvisha Philippe soksi ndefu za kubana, anazikataa kwa kuwa zinafanana na za kike, kisha anakubali. Msomaji ajue kwamba soksi hizo si pambo. Misuli ya miguu isiyofanya kazi haiwezi kusukuma damu irudi moyoni. Damu hukaa, huganda, na bonge likitoka mguuni likaingia mapafuni huweza kuua. Tena mgonjwa anapokalishwa ghafla, shinikizo la damu hushuka akazimia, kama tunavyoona Philippe anapozidiwa kwenye kiti.

Linafuata jambo ambalo Driss analikataa waziwazi: kuvaa glovu na kumtoa mwenzake choo. Watazamaji hucheka tena. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo, choo hakitoki kwa hiari yake. Huhitaji ratiba: saa ileile kila siku au kila baada ya siku moja, muda mfupi baada ya mlo, kwa kidole chenye glovu na kilainishi. Ni kazi halali ya kitabibu, nayo hufundishika. Kibofu nacho huwa na ratiba yake. Anayetumia mpira wa kuingiza na kutoa, kwa kawaida hufanya hivyo kila baada ya saa nne hadi sita.

Hapa nirudi kwa kijana wa mwembe. Nilivuta kiti, nikamwuliza yeye. Alikaa kimya hadi dada yake alipotoka kwenda kuchota maji, kisha akasema maneno machache. Aliyekuwa akimtoa choo na kumsafisha ni huyo mdogo wake, binti ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni walipokuwa watoto. Hakuweza kuivumilia aibu hiyo wala kumwondolea binti mzigo huo, akaona njia iliyobaki ni moja: asiyekula haendi chooni. Tumbo lake halikuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa akifa njaa kwa ajili ya stara, na sisi, madaktari na wauguzi waliosoma, tulikuwa tukimpima damu.

Hakuna kipimo cha maabara ambacho kingeliona jambo hilo. Lilionekana kwa swali.

Mahali filamu isipofaa kuigwa

Kwa kuwa jarida hili linasomwa pia na wagonjwa na jamaa zao, sina budi kutenganisha mzaha na mwenendo. Driss anapogundua kwamba Philippe hahisi kitu, anammiminia chai ya moto miguuni mara mbili tatu ili ahakikishe. Katika filamu ni kichekesho. Wodini nimeona malengelenge na vidonda vilivyotokana na chupa ya maji ya moto iliyowekwa kwa nia njema ya kumpasha mgonjwa joto. Ngozi isiyohisi haina mlinzi. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko cha anayehisi, na jiko, pasi na birika vikae mbali.

Jambo ambalo filamu inalipita haraka ni vidonda vya mgandamizo. Mgonjwa aliye kitandani huhitaji kugeuzwa takribani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, hasa katika wiki za mwanzo. Aliye kwenye kiti mwendo ainuliwe au ainamishwe kupunguza uzito makalioni kila baada ya dakika 15 hadi 30. Kila asubuhi na jioni nyonga, makalio, visigino na eneo la chini ya kiuno vitazamwe. Wekundu au weusi usioondoka baada ya kumgeuza ni mwanzo wa kidonda, ijapokuwa ngozi haijapasuka.

Usiku mmoja Philippe anashikwa na maumivu makali na kukosa pumzi. Driss, anayemsikiliza kupitia kifaa kilichowekwa chumbani, anamfuata, anampangusa jasho, kisha anamtoa nje kutembea katika mitaa ya Paris alfajiri na kumpa bangi avute. Nisieleweke vibaya: kumtoa mtu nje ya kuta nne, akavuta hewa safi na kuzungumza, ni tiba ambayo hatuiandiki vya kutosha. Lakini moshi wa aina yoyote ni hatari kwa aliyeumia pingili za shingo, kwa sababu misuli yake ya kupumulia ni dhaifu na hawezi kukohoa vyema. Mtu asiyehisi mguso anaweza kuhisi maumivu ya kuunguza katika viungo hivyohivyo visivyohisi. Hayo si ya kubuni wala si udhaifu wa akili. Yana dawa zake, na mgonjwa ayaeleze.

Filamu inaanza na mbio za gari usiku. Polisi wanawasimamisha, na Philippe anajifanya amezidiwa ili waachiwe. Ni hila. Ila iko dharura ya kweli inayofanana nayo, na kila anayeuguza mtu aliyeumia uti wa mgongo kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu anapaswa kuijua. Kibofu kikijaa, mpira wa mkojo ukiziba, choo kikigandamana, nguo ikibana au kidonda kikiwepo, mwili usioweza kupeleka taarifa ya maumivu hupandisha shinikizo la damu ghafla. Mgonjwa huumwa kichwa kwa kugonga, hutokwa na jasho, na uso huwa mwekundu. Kwa kawaida shinikizo lake la juu huwa kati ya 90 na 110. Likipanda kwa 20 hadi 40 juu ya kawaida yake, hiyo ni hatari hata kama tarakimu inaonekana ya kawaida kwa watu wengine. Usimlaze. Mkalishe wima, legeza nguo na mikanda, kagua mpira wa mkojo na kibofu, kisha choo, na umwahishe hospitali iwapo hapati nafuu. Kuchelewa huweza kuleta kiharusi.

Ni nani anayemuuguza anayeuguza?

Wapo wahakiki, hasa nchini Marekani, walioilaumu filamu hii kwamba imemrudisha mtu Mweusi katika nafasi ya kale ya mtumishi anayemchekesha tajiri Mzungu. Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Mimi, nikiwa daktari, huiangalia pia kwa upande wa pili: Driss ana mshahara. Ana chumba chake na bafu lake, jambo linalomshangaza mwenyewe, kwa kuwa kwao watoto wengi hugombea bafu moja. Hayuko peke yake kazini. Wako muuguzi, katibu na msimamizi wa nyumba. Na matatizo ya nyumbani kwake yanapomfuata, Philippe anamwachilia aende, akikiri kwamba kazi hii haikukusudiwa kuwa ya maisha yake yote.

Driss anapoondoka tunaona jambo la kufaa. Wanakuja wahudumu wenye sare na ujuzi, lakini Philippe hataki kunyolewa wala kuzungumza, ndevu zinaota, anadhoofika. Wengi huhitimisha kwamba urafiki unashinda ujuzi. Sivyo. Driss wa siku ya kwanza, mwenye urafiki pasipo ujuzi, angemjeruhi Philippe ndani ya wiki moja. Wahudumu wa baadaye, wenye ujuzi pasipo kumwona mtu, walimwacha afifie. Kinachohitajika ni vyote viwili, na katika mkono mmoja.

Katika nchi yetu anayeuguza kwa kawaida hana mkataba wala zamu. Ni mama, mke, au binti aliyeacha shule. Hulala sakafuni chini ya kitanda cha wodi, kisha hupewa karatasi ya kuruhusiwa na kuondoka na mwili wa mtu mzima ambao hakuna aliyemfundisha kuuinua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 15 wanaishi na majeraha ya uti wa mgongo, na wengi miongoni mwa wanaoumia kwetu ni vijana wa bodaboda, wa ujenzi na wa kupanda miti, ambao ndio tegemeo la nyumba. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inayotambua haki ya matibabu na utengamao. Sheria hiyo haitakuwa na uzito nyumbani kwa mgonjwa endapo wodi haitampa anayeuguza angalau siku chache za mafunzo kabla ya kuruhusiwa: kugeuza, kuhamisha, kibofu, choo, ngozi, dharura. Kwa maoni yangu mgonjwa asiruhusiwe kabla hatujamwona anayemuuguza akiyatenda mbele yetu, na kabla ukoo haujakubaliana ni nani wa pili atakayempokea zamu. Anayeuguza peke yake kwa mwaka mzima ataugua naye, kama si mgongo basi roho.

Mtu aliyebaki

Philippe anamwambia Driss kwamba kilema chake kikubwa si kiti, bali ni kuishi bila mkewe. Kwa miezi kadhaa anaandikiana barua na mwanamke wa mji wa Dunkirk, Éléonore, lakini anaogopa kukutana naye asije akaonekana alivyo. Mwisho Driss anampeleka kwenye mgahawa karibu na bahari, anamkalisha mezani, na kuondoka. Éléonore anaingia. Driss anatazama kupitia kioo kutoka nje, anampungia mkono, na kwenda zake. Kwangu hiyo ndiyo picha ya uuguzaji uliokamilika: mhudumu amefanya kila kitu hadi mlangoni, kisha akajua pa kuishia.

Katika kliniki zetu ni mara ngapi tumemwuliza aliyepooza kuhusu mapenzi, ndoa na uzazi? Wengi wao huweza kuwa na wenza, na wanawake wengi walioumia uti wa mgongo huweza kubeba mimba kwa uangalizi. Hawaulizi kwa sababu wameona haya. Hatuulizi kwa sababu tumewaona kama watu waliokwisha. Na wahenga haohao waliotuachia methali ya uji walisema pia hujafa hujaumbika.

Yule kijana hakuhitaji dawa. Tulimwita kaka yake mkubwa kutoka kijijini. Alikuja na wasiwasi, akavaa glovu kwa mara ya kwanza mikono ikitetemeka, na muuguzi mmoja mwenye subira alimfundisha kwa siku nne huku mgonjwa mwenyewe akisema lini iwe pole na lini iwe haraka. Tuliweka saa ya choo alfajiri, kabla wodi haijachangamka, pazia limefungwa. Dada alibaki na kazi ya chakula na mazungumzo. Siku ya tatu, nilipopita, kijana alikuwa akibishana naye juu ya chumvi iliyozidi kwenye mboga.

Tangu siku hiyo, nikifika kitandani, swali langu la kwanza humwendea aliyelala. Wakati mwingine hawezi kujibu, na hapo ndipo humgeukia jamaa. Lakini yeye huulizwa kwanza, hata kama ni habari ya uji.